Kamituga: dhahabu inapita mfukoni, unga unakwama njiani

Dhahabu ya Kamituga haihitaji barabara. Mnunuzi anaitia mfukoni, anapanda pikipiki, na isipokuwa amekutana na wezi, inafika Bukavu. Lakini unga, chumvi, mafuta ya kupikia, simenti na mabati vinakuja kwa Fuso. Fuso ikikuta mvua imenyesha, hakuna anayejua itaingia mjini siku gani.

Kilomita karibu 180 ndizo zinazotenga mji huu wa wilaya ya Mwenga na Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini. Ni kipande cha barabara ya kitaifa namba 2, ile RN2, inayopita Walungu, Burhale, Kasika na Mwenga, ikifika Kamituga inaendelea kuelekea Kasongo katika jimbo la Maniema. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye udongo, tangu mvua za Septemba zianze, sehemu nyingi zimebaki mitaro miwili iliyochimbwa na magurudumu, na katikati mgongo wa matope unaogusa tumbo la gari.

Mwenye kusafiri njia hii anaijua picha. Gari moja limezama hadi kwenye ekseli, mengine yamepanga mstari nyuma yake. Wasaidizi wa madereva wako ndani ya matope na majembe, wanatia mawe na matawi chini ya tairi. Abiria wamelala juu ya mizigo, chini ya turubai. Siku ya pili pamekuwa soko: akina mama wa kijiji cha karibu wanaleta ndizi za kuchoma, mihogo na sombe, na bei inapanda kadiri watu wanavyoendelea kukwama. Kijana fulani amefungua njia ya pembeni katika shamba la baba yake na anatoza kila pikipiki inayopita. Si rahisi kumlaumu. Shamba nalo limekwisha kuharibika.

Gharama ya matope hayo haimwangukii mwenye dhahabu. Inamwangukia mama mtwangaji, mmoja wa wale wanaoponda mawe kwa mikono kutafuta chembe zilizobaki. Yeye anapata pesa ya siku kwa siku, ananunua unga kwa vipimo vidogo. Gari likichelewa, bei ya kipimo inapanda jioni ile ile. Gari likifika, bei haishuki upesi, kwa kuwa mwenye mzigo amelipa tairi, mafuta, wasukumaji na chakula cha watu wake porini. Mwalimu, muuguzi na mchimbaji wa kawaida wako katika hesabu hiyo hiyo.

Mwaka 2024 jina la Kamituga lilisikika dunia nzima kwa sababu nyingine. Aina mpya ya virusi vya mpox ilitambuliwa kwa wagonjwa wa hapa, baada ya visa vya kwanza kuonekana Septemba 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Wakati huo kila mtu alizungumza juu ya chanjo, maabara na vitanda vya hospitali kuu. Barabara ilitajwa kama bahati mbaya ya wasafiri, kana kwamba si sehemu ya matibabu. Lakini dawa inayotoka Bukavu kwa gari inapita katika matope yale yale yanayosimamisha chumvi, na mama mjamzito anayepelekwa mbali kwa upasuaji hawezi kungoja udongo ukauke.

Wazee wanakumbuka hali tofauti. Wakati wa MGL, na baadaye Sominki iliyoundwa mwaka 1976, kampuni ya madini ilihitaji njia kwa mitambo yake na kwa chakula cha wafanyakazi wake, kwa hiyo njia ilitunzwa. Haikuwa huruma. Leo dhahabu inachimbwa na maelfu ya wachimbaji wadogo na inatoka gramu kwa gramu. Utajiri wa mji haupungui barabara ikifa, na hilo, kwa maoni yangu, linaeleza mengi kuhusu ukimya wa wakubwa. Mwenye nguvu ya kugonga meza haumizwi na shimo.

Sasa uliza barabara hii ni ya nani. Utapewa majibu mengi, na yote yana ukweli. Kwa kuwa ni ya kitaifa, iko mikononi mwa Office des Routes, chini ya wizara iliyoko Kinshasa. Pesa za kuitunza zinatakiwa kutoka FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008, unaokula kwenye kila lita ya mafuta na kwenye peaji. Ndani ya mji, njia za mitaa zina ofisi nyingine, OVD. Jimbo nalo lina haki yake: kifungu cha 175 cha Katiba kinalipa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, zikatwe pale pale zinapokusanywa. Na sheria ya majimbo inasema asilimia 40 ya sehemu hiyo iteremke hadi kwa miji, komine, sekta na sheferi.

Miaka mingi imepita majimbo yakilalamika kwamba Kinshasa haitumi kinachostahili, na miji ikilalamika hivyo hivyo juu ya majimbo. Kwa mpangilio huu, kila ofisi inaweza kunyooshea kidole ofisi ya juu yake bila kusema uongo hata kidogo. Dereva peke yake hana wa kumnyooshea. Yeye amekwisha kulipa mafutani, amelipa peaji, amelipa bariere.

Na kura? Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua rais, wabunge wa kitaifa na wabunge wa jimbo. Siku hiyo pia, kwa mara ya kwanza, raia walichagua washauri wa komine, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Mkaaji wa Bukavu alipewa nafasi hiyo, mkaaji wa Kamituga hakupewa. Meya wetu na wasaidizi wake wanateuliwa. Wanaweza kuondolewa kwa amri inayotoka juu. Soko zima likikasirika, haliwezi kuwaondoa. Gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Kwa hiyo mtu pekee anayerudi kutuomba kitu ni mbunge, na mbunge hana katapila.

Hilo halimzuii kuahidi lami. Ahadi ya lami ni tamu kwa pande zote mbili: anayeitoa anapigiwa makofi, anayeipokea anaona ametajwa, na hakuna anayetegemea itimie kabla ya kampeni inayofuata. Mashirika ya raia pia yana sehemu yao katika mchezo huu. Kila tamko linaomba lami, na serikali inajibu kwamba inatafuta wafadhili. Mazungumzo yanaishia hapo, mvua inaanza tena.

Adui wa barabara ya udongo ni maji. Maji yakipata mfereji pembeni, na barabara ikiwa imeinuka kidogo katikati ili yasitulie, udongo unavumilia mizigo kwa muda mrefu. Mfereji ukijaa majani na mchanga, maji yanahamia katikati ya njia, gurudumu la kwanza linachora mstari, la kumi linaufanya shimo, na baada ya wiki mbili shimo linameza Fuso. Kuzuia hayo kunahitaji watu wenye majembe, makoleo na mapanga, kila mmoja na kipande chake, wanaopita baada ya kila mvua kubwa. Walikuwako zamani, waliitwa kantonie. Chini ya Wabelgiji kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya kulazimishwa, na hakuna anayetamani irudi namna ile. Lakini kamati za mahali za matengenezo, zile zinazojulikana kwa jina la CLER, zimeonyesha katika sehemu mbalimbali za nchi kwamba wanakijiji wakilipwa kwa mkataba wanaiweza kazi hiyo. Wasipolipwa miezi michache, kamati inakufa.

Halafu kuna bariere ya mvua. Vijana wengi hawajui ilikuwa na maana gani. Mvua ikinyesha, mti ulishushwa, magari makubwa yakangoja saa chache hadi juu ya barabara pakauke. Leo mti upo, tena mingi, ila unashushwa jua likiwaka na unapandishwa mvua ikinyesha, maadamu dereva ametoa kitu. Taasisi ya utafiti ya IPIS, ya Ubelgiji, ilihesabu mwaka 2017 bariere karibu 800 katika Kivu zote mbili. Chombo kilichowekwa kulinda barabara kimegeuka duka la kuuza ruhusa ya kuiharibu. Lori lililopakiwa kupita kiasi, likipita usiku juu ya udongo uliolowa, linabomoa kwa saa moja kazi ya watu ya mwezi mzima.

Mbona basi majembe hayaonekani? Mfereji safi hauna sherehe. Hakuna mkubwa atakayesafiri kutoka Bukavu kuja kukata utepe mbele ya mtaro usio na majani. Katapila inapigwa picha, daraja linaandikwa jina, na kazi ya kantonie ikifanikiwa hakuna kinachoonekana: gari limepita tu. Jumamosi za salongo, vijana wa mitaa wanajaza mawe katika mashimo, wanaomba madereva franka chache, na inasaidia hadi mvua inayofuata. Kuwaachia vijana hao RN2 ni dhihaka.

Kinachoweza kudaiwa sasa hivi, hata kabla ya lami, hakihitaji mfadhili. Kwenye kila peaji pabandikwe ubao unaoonyesha pesa zilizoingia mwezi uliopita na kipande cha njia zilikokwenda. Wilaya, ambayo ina ofisi Mwenga, itaje kwa majina ni kamati zipi zinatunza kipande kipi kati ya Burhale na Kamituga, na zililipwa lini kwa mara ya mwisho. Bariere za mvua zifungwe mvua inyeshapo, kwa magari yote, yakiwemo ya wenye silaha. Na mbunge anayerudi likizo aulizwe juu ya mifereji. Akianza kuzungumza juu ya lami, aulizwe tena juu ya mifereji.

Mvua za msimu huu zitadumu hadi Mei. Juni udongo utakuwa mgumu, magari yataanza kupita vizuri tena, malalamiko yatapungua redioni. Hiyo ndiyo miezi ambayo majembe yanatakiwa kuwa njiani.