Plasta Ikitolewa, Kazi Haijaisha

Leo tunamzungumzia mtu wa nyumbani aliyevunjika mguu barabarani. Huenda ni kijana wako wa bodaboda, mume wako aliyekuwa kwenye matatu, au mtoto aliyegongwa akitoka shuleni.

Sisi wa Mwala tunaijua barabara ya Machakos kwenda Kitui. Siku ya soko, magari, pikipiki, punda na watoto hugombania njia moja. Watu husema ajali haina kinga, lakini kinga ipo. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitaka kila abiria wa matatu afunge mkanda na gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Sheria ya trafiki pia inasema pikipiki ibebe abiria mmoja tu, na mwenye pikipiki awe na helmeti yake na ya abiria. Kwa hiyo, mama, ukipakia watoto watatu kwenye pikipiki moja ili kuokoa nauli, umewaondolea kinga yao.

Je, ajali ikitokea ufanye nini?

Mpeleke mgonjwa hospitali, si kwa mkandaji. Mfupa uliovunjika ukikandwa, mishipa huweza kukatika. Ukifungwa vijiti kwa nguvu, damu haipiti na mguu unaweza kuoza. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kisha ripoti polisi, upate nambari ya OB na fomu ya P3. Zitunze vizuri, kwani utazihitaji ukidai fidia. Kesi ya fidia huwasilishwa kabla ya miaka 3 kwisha.

Je, nyumbani utaangalia nini?

Mguu ukiwa na plasta, uinue juu ya mito na uangalie vidole kila siku. Vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Usiloweshe plasta, wala usiingize kijiti ndani kujikuna.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulisahau. Siku plasta inapotolewa, utaona mguu umekonda na goti limekuwa gumu. Mgonjwa ataogopa kulikunja. Nawe utamhurumia, umletee kila kitu kitandani. Mama, huruma hiyo inaweza kumlemaza. Msuli usiofanya kazi hunyauka, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Mfupa unaweza kuunga vizuri kabisa, na bado mtu akabaki akichechemea maisha yake yote.

Kabla ya kutoka hospitali, muulize mtaalamu wa viungo maswali mawili: "Aanze lini kukanyagia mguu huu?" na "Nyumbani tufanye mazoezi gani?" Mwambie akuonyeshe, nawe ufanye mbele yake.

Zoezi moja rahisi, mtaalamu akilikubali, ni hili. Mgonjwa alale chali, mguu umenyooka. Akaze msuli wa paja na kukandamiza goti chini, ahesabu hadi tano, kisha aachilie. Arudie mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usimwachie mto chini ya goti mchana kutwa, maana goti litazoea kukunjwa.

Akitumia magongo, uzito ukae mikononi, si kwapani. Akipanda ngazi, atangulize mguu mzima. Akishuka, atangulize magongo na mguu mgonjwa.

Mpe kazi ndogo ya kufanya ameketi, kama kuchambua maharagwe au kupukuchua mahindi. Kule Wamunyu wachongaji vinyago hufanya kazi wamekaa, na watoto wao husoma. Akinyamaza sana au akisema maisha hayana maana, usimkemee. Kaa naye, kisha umwambie daktari.

Tarehe za kliniki msizikose, iwe ni hospitali ya Mwala au Machakos Level 5. Ulemavu ukibaki, mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Si aibu, ni haki yake.

Kumbuka, mama: daktari huunga mfupa, lakini mguu hufundishwa kutembea tena nyumbani kwako. Kwaheri, na safari njema.