Serengeti Iko Uani, Sisi Tuko Kijiweni

Mcheki mchizi wa Bariadi akitua Dar. Akiulizwa anatokea wapi, anajikuna shingo: "Kanda ya Ziwa." Akibanwa zaidi: "Karibu na Mwanza hivi." Oya, aibu ya nini? Mkoa wetu wa Simiyu umeanza 2012, sawa, bado dogo. Ila ni dogo mwenye Serengeti uani. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na kipande chake kiko ndani ya Simiyu kabisa, si cha kuazima. Mzungu anapanda ndege, anabadilisha, anapanda nyingine, anatua miguu imevimba, ili aone kitu ambacho wewe unakifikia kwa gari ya Lamadi kabla chai haijapoa tumboni.

Na hujawahi kwenda. Usibishe. Ulichonacho ni picha ya twiga uliyoiiba kwa mtu, ukaiweka status na caption "nature therapy". Tunakujua, mwanangu. Nature yako ni ule mwembe wa kijiweni.

Najua mkono umeshaingia mfukoni kulinda pochi, kwa hiyo tuongee mpunga mapema. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima Serengeti ni elfu kumi. Ikiongezwa VAT inagonga 11,800. Mgeni kutoka nje, msimu wa juu, ni dola 70, na VAT juu yake, yaani zaidi ya laki mbili za madafu. Anakohoa kidogo, analipa. Wewe buku kumi na moja na mia nane unalia kama umepigwa tukio. Wikendi iliyopita umeacha zaidi ya hiyo kwenye meza ya kiwanja, unamnunulia pisi kali bia, na mwisho wa siku akaondoka na mwenye Crown.

Halafu usiende getini umekunja noti kwenye soksi. Malipo ni kwa control number. Lipa, kausha, ingia.

Geti halina noma. Noma ni usafiri, na hapa ndipo masela wengi wanapochomoa. Bodaboda haingii. Pikipiki ni marufuku hifadhini, na ukishamwona simba akiamka kwa hasira huhitaji kuelezwa sababu. Kuna mwana mmoja wa Somanda alikomaa kinoma: "Lakini yangu ni Boxer mpya." Bro. Simba haangalii modeli.

Kwa hiyo ni kuchanga. Noah au Coaster, inategemea ukubwa wa genge na idadi ya waongo waliomo. Gari nalo linalipiwa, ila la namba za Bongo linalipa kwa shilingi. Mkijaza viti na mafuta mkagawana, hela inayobaki kwa kichwa haiumi. Kinachouma ni group la WhatsApp. Wa kwanza kuandika "niko ndani" ndiye wa mwisho kutuma. Ukoo wa "nitatuma kesho" ni mkubwa kuliko koo zote za Usukuma zikiunganishwa.

Sasa nenda nyumbani kuaga. Jiandae kisaikolojia.

Babu yuko kwenye kiti chake. Unapiga goti la kinafiki, "Mwangaluka, babu." Anaitikia vizuri, anauliza safari ya wapi. Serengeti, babu, tunaenda kuwaona tembo. Kimya. Halafu kicheko kinachoanzia magotini. "Mjukuu wangu, unalipa kumwona tembo? Mimi walikuja bure. Wakala mahindi, wakaondoka hata kuaga hawakuaga." Anamwita bibi aje asikie. Bibi anakuja, naye anacheka, anaenda kumwambia jirani. Ndani ya dakika kumi mtaa mzima unajua kuna mtoto amekwenda kulipia tembo.

Kijiweni tukawapa jina hapo hapo: tembo wa kitonga.

Washua ukiwasikiliza sana hutatoka kitandani, ila hii tuwape nusu pointi. Kwao hifadhi haijawahi kuwa sehemu ya bata. Ni mahali ambapo ng'ombe akivuka mpaka anakamatwa na faini inahesabiwa kwa kichwa. Tembo akivuka kuja huku hakuna anayemkamata. Wanatoka Serengeti na pori la Maswa usiku, wanashuka mashamba ya Itilima na Meatu, asubuhi kumebaki mabua na nyayo. Mwenye shamba anajaza fomu za kifuta jasho, anasubiri, anapanda tena, anavuna, bado anasubiri. Sasa mtu huyo mwambie mjukuu wake amempelekea tembo huyo huyo elfu kumi na VAT. Ubongo lazima ugome. Nusu pointi nyingine hatumpi, maana ni mzee huyo huyo anayeamini earphone zinaleta ukichaa.

Twende kwenye drip, maana hapa ndipo watu wanapoaibika hadharani.

Ukanda wa magharibi wa Serengeti, huu wa upande wetu, una ndorobo. Mbung'o, kwa wale waliokuwa wanakaa mbele darasani. Huyu mdudu ana rangi anazozipenda: bluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Halafu wewe unakuja na tisheti nyeusi, kofia nyeusi, jinzi ya bluu. Umejishona mtego mwenyewe, na perfume juu. Ndorobo habishi na kitambaa. Anatoboa jinzi bila kuuliza bei. Nimemwona mtu aliyeingia na swaga zote za Insta akimaliza safari amejifunika kanga ya dada wa watu, anapiga kelele za chekechea.

Usidhani utajiokoa na suruali ya mabaka. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba raia wote wasalimishe nguo zinazofanana na sare za jeshi. Huo si mkwara wa kujaribu bahati getini, ambako wanaokukagua nao wana bunduki.

Sasa sikia kichekesho. Rangi salama ni kaki, udongo, kijani kilichopauka. Shati la mikono mirefu, mifuko minne, suruali ya kitambaa. Unaijua hiyo nguo? Ni Kaunda suti ya mshua. Ile ile tuliyomcheka nayo kwenye harusi ya anko. Wazungu wanainunua kwa dola kabla hawajapanda ndege, na mshua anayo kabatini imenyooshwa mpasi unaokata kidole. Kaiombe kwa heshima. Usimwambie kwa nini, atavimba mwaka mzima.

Raba nyeupe acha kwa ajili ya Nane Nane Nyakabindi.

Njia yenyewe ni mteremko. Bariadi mpaka Lamadi ni lami, kilomita 70 na ushee. Lamadi unaikamata barabara kuu ya Mwanza na Musoma, unakata kuelekea Musoma, kidogo tu unaliona geti la Ndabaka liko pembeni ya lami, halina mbwembwe, unaweza kulipita ukidhani ni mizani. Wengi wetu tumelipita tangu utoto tukienda msibani Bunda.

Ndani ndiyo kazi inaanza. Udongo ni ule mweusi wa mbugani, unaufahamu kutoka shamba la pamba la bi mkubwa. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakamata tairi na haurudishi. Noah ya chini mwezi wa nne katikati ya masika ni kujiloga mwenyewe. Mtashuka kusukuma, na kushuka kwenyewe hakuruhusiwi ovyo.

Hii ya kushuka iwekeni vichwani. Hutoki nje ya gari mpaka sehemu zilizopangwa. Maana yake ile tabia yetu ya basini, "Konda, tuchimbe dawa," huku haipo. Nyuma ya kichaka unachokitaka kuna mtu mwingine amelala, na ana makucha. Kwa hiyo ile energy drink ya pili uliyoinunua Lamadi kwa mbwembwe, utaikumbuka vizuri sana.

Spika ya bluetooth nayo ibaki geto. Hakuna swala aliyeomba amapiano. Drone bila kibali usiitoe hata kwenye begi. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, jambo ambalo kwa dereva wa Noah wa huku kwetu ni mateso ya kiroho.

Ukivumilia, unalipwa. Mto Grumeti una mamba ambao ukubwa wake unakufanya uhesabu upya watu mlioko kwenye gari. Safari yetu iliyopita mmoja alikuwa anaota jua mdomo wazi, hatingishiki, mpaka mtu mmoja nyuma akasema "huyo ni sanamu, wameweka kwa ajili ya content." Sanamu likapepesa jicho. Hakuna aliyeongea mpaka tulipopita kona. Mitini juu ya mto kuna mbega wenye manyoya meupe marefu, wamevaa vizuri kuliko wote tuliokuwemo.

Kwenye msosi, nisikilizeni, maana kuna watu wanaharibu bajeti na mikate ya supamaketi. Beba michembe. Ndiyo, michembe ya bibi, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gamba. Haviozi, havimwagiki, havihitaji friji. Matobolwa ndiyo unyama zaidi, hayo yameshachemshwa kabla ya kuanikwa, unatafuna tu njiani na karanga. Wazungu wanabeba vipande vya nafaka kwenye karatasi zinazong'aa, bei ya kuku mzima. Sisi tuna kilo nzima kwenye ndoo. Tatizo ni nyani. Nyani wa sehemu za kupumzikia anafungua zipu. Namaanisha zipu, taratibu, kwa vidole viwili, huku anakuangalia usoni kama mwenye begi ni yeye. Alichukua matobolwa, akaonja, akaita wenzake.

Kulala je? Lodge za ndani zinachaji kwa dola, na kuna ambazo usiku mmoja, kwa hesabu za Kisukuma, ni ng'ombe dume amesimama. Tuachane nazo. Kuna kambi za umma pale Seronera zenye majina ya masela wa porini: Pimbi, Nguchiro, Tumbili, Nyani. Tenti yako, godoro lako, ada ya Mtanzania haitishi. Kutoka Ndabaka ni mwendo mrefu, kilomita mia na zaidi za vumbi, so ingia asubuhi, maana usiku magari hayaruhusiwi kuzurura.

Kambi hazina uzio. Soma tena. Kinachowekewa nondo ni jiko, ili fisi wasiingie kwenye sufuria. Yaani jioni binadamu wako kizimbani wanakoroga ugali, na wanyama wako nje huru wanawatazama. Kuni haziokotwi porini, beba mkaa au gesi. Usiku fisi anapita kati ya tenti, unamsikia anavyonusa ndoo. Simba akinguruma sauti inaweza kufika hata kilomita 8, kwa hiyo yule unayeapa yuko nje ya zipu yako huenda yuko mbali kabisa. Huenda. Yule mwana wa Boxer alitumia usiku mzima kuniuliza "umelala?" Hapana, nimekaa na wewe.

Mwenye moyo mwepesi aishie Lamadi. Ziwa lipo, sato wa kukaanga yupo, jua likizama Ghuba ya Speke unapata picha za kutosha mwezi mzima, na fisi hakufuati. Watoto wa Mwanza nao watakuletea mbwembwe za Saanane. Kisiwa kizuri, hatuna ugomvi, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Ila kina kilomita za mraba 2.18. Serengeti inaingiza Saanane zaidi ya elfu sita na bado kuna sehemu ya kupaki.

Na tafadhali usichanganye na Pori la Akiba Maswa. Hilo liko chini ya TAWA, lina vitalu vya uwindaji, anakwenda mwenye bunduki ya kibali na dola za kumwaga. Siyo mji wa Maswa. Kuna dada mmoja aliuliza kama linafikika kutoka stendi kwa bajaji. Hatumtaji.

Muda wa kwenda ndio watu hawaushtukii. Nyumbu, zaidi ya milioni moja wale, wakitoka kusini wanapita ukanda wetu kuanzia Mei hivi, Juni wanajazana maeneo ya Grumeti. Sasa fikiria, Mei ndiyo msimu wa kununua pamba unafunguliwa. Mvua zinaondoka, udongo mweusi unaanza kukaza, nyumbu wako jirani, na Simiyu nzima ina hela mkononi kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Hakuna mkoa Bongo uliopangiwa ratiba vizuri namna hii. Halafu hela hiyo tunaipeleka wapi? Sabufa. Simu ya kioo cha kukunja. Michango ya harusi za watu ambao hata picha hawatatutagi.

Msimu huu genge letu lina Noah, viti vinahesabika. Mtunza hela ni dada mmoja wa Malambo, hana utani, hapokei "nitatuma kesho," na haogopi kuondoa mtu kwenye group saa nane usiku. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa sita mchana. Mwana wa Boxer ameshalipa, wa kwanza kabisa, kwa sharti moja tu: tenti yake iwe katikati. Viti viwili bado, na kuna mshua mmoja anaulizia kimoja kwa sauti ya chini, anasema anataka tu kuhakikisha kama ni wale wale waliokula mahindi yake.