Mimea ya mtoni humwonyesha mkulima mbolea yake inakokwenda

WAKULIMA wanaotegemea mto kumwagilia mboga, kunywesha mifugo au kujaza vidimbwi vya samaki huyapima maji kwa macho. Yakiwa maangavu husema ni mazuri, yakiwa mekundu husema mvua imenyesha milimani. Lakini kuna kipimo kingine kisichohitaji mashine wala pesa. Nacho ni mimea inayomea ndani ya mto wenyewe.

Maji yanayopelekwa maabara kwa chupa huonyesha hali ya mto saa ile tu yalipotekwa. Uchafu ukimwagwa usiku na kupita, chupa ya asubuhi haitaunasa. Mmea wenye mizizi mtoni hauhami. Hula kilichomo majini wiki baada ya wiki, na athari yake huonekana.

Nchini Uingereza, mwongozo wa kupima mito kwa njia hii ulitolewa mwaka 1999. Mpimaji huchagua kipande cha mto cha mita 100, kisha huandika kila aina ya mmea anaoukuta na eneo unalofunika. Kila aina ina alama kati ya 1 na 10. Mimea inayositawi kwenye maji yenye rutuba nyingi ina alama za chini, na ile isiyoistahimili ina alama za juu. Mwaka 2000, Umoja wa Ulaya uliingiza mimea ya maji katika sheria yake ya kupima afya ya mito. Barani Afrika, wanasayansi walichapisha mfumo kama huo wa mito ya Zambia mwaka 2016.

Rutuba inayozungumziwa hapa ni naitrojeni na fosforasi, zile zile zilizomo kwenye gunia la mbolea. Shambani ni baraka, mtoni ni balaa.

Mfano ulio karibu ni magugu maji. Mmea huu wa asili ya Amerika Kusini ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ni mojawapo ya njia zilizouingiza humo. Katika miaka ya 1990 wadudu wanaoula waliachiliwa ziwani na ukapungua sana. Hata hivyo, umerudi mara kwa mara, hasa katika Ghuba ya Winam, kwa kuwa mito inaendelea kuuletea chakula kutoka mashambani na mijini. Unapotanda, wavuvi hukosa njia, wachuuzi hukosa samaki, na ukioza hula hewa ya oksijeni iliyomo majini.

Gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Fosfeti hushikamana na udongo, kwa hiyo mvua inapobeba udongo wa shamba lako, hubeba pia sehemu ya mbolea uliyoilipia.

Jinsi ya kusoma mto

Tembea juu ya shamba lako, kisha chini yake, ulinganishe. Fanya vivyo hivyo juu na chini ya soko, kiwanda au mahali magari yanapooshwa.

Mimea inayoelea ikizidi upande wa chini, hasa penye maji yaliyotulia, rutuba imezidi. Nyuzi za kijani zinazoteleza zikifunika mawe, shuku mbolea, samadi au maji ya vyoo. Mimea inayoishi chini ya maji ikitoweka huku maji yakiwa na tope, udongo unazuia mwanga kuifikia. Matete na mafunjo yakiisha, ukingo umepoteza kinga yake na huenda ukabomoka.

Kipimo hiki kina mipaka. Mafuriko huweza kung'oa mimea yote, na kivuli cha miti huizuia kumea hata kama mto ni safi. Tena mimea haionyeshi viini vya magonjwa. Maji yenye mimea mizuri yanaweza kuwa na vimelea vya homa ya matumbo, kwa hiyo yachemshe kabla ya kunywa. Ukishuku sumu, ita afisa wa maji apime.

La kufanya

Usiweke mbolea yote kwa mara moja wala mvua kubwa inapokaribia. Lima kwa kukingama mteremko, si kuufuata. Acha nyasi na mafunjo ukingoni, kwani hunasa udongo kabla haujafika majini. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu na mto kwa umbali wa kati ya mita 6 na 30. Nchini Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshewe mtoni.

Chagua mahali pamoja, uandike daftarini mimea unayoiona kila mwisho wa msimu. Majirani wa juu na wa chini wakifanya hivyo pia, mtajua uchafu unaingilia wapi, na mkienda kwa chifu au afisa wa mazingira mtakuwa na la kumwonyesha.