Nani Anayesamehe Damu ya Binti?

Somo letu la leo si jepesi. Tutaeleza jinsi sheria ya nchi moja, Pakistan, ilivyowaachia watu waliomwua binti yao wasameheane wenyewe kwa wenyewe nyumbani, na jinsi sheria hiyo ilivyobadilishwa. Wenye madaftari andikeni maneno matatu: kisasi, dia na walii. Maneno haya mnayajua, maana Kiswahili kimeyapata kwa Waarabu, na Wapakistani wameyapata huko huko.

Kwanza tuulize, kwa nini mtu amwue binti yake au dada yake? Wanaume wanaofanya hivyo husema wanalinda kitu wanachokiita ghairat. Neno hilo ni ndugu wa neno letu ghera, lakini kwao maana yake ni heshima ya mwanamume. Ajabu ni kwamba heshima hiyo haikai kwake mwenyewe. Imewekwa kwa mkewe, dada yake na binti yake. Yeye aweza kuwa mlevi, mwongo na mdeni wa kila duka, na heshima ikabaki pale pale. Lakini binti akikataa mume aliyechaguliwa, au akiomba talaka, au akionekana akizungumza na kijana njiani, watu husema heshima imepotea. Wala si lazima iwe kweli, maana minong'ono ya majirani yatosha. Katika mkoa wa Sindh mwanamke aliyetuhumiwa hivyo huitwa kari, na mwanamume karo, yaani waliotiwa weusi. Wako waliomtia mtu jina hilo kwa uongo ili wapate shamba lake, au wapate kulipwa fidia. Hapo heshima imekwisha kuwa biashara.

Msidhani kuwa haya yametoka katika dini. Qurani inataka mashahidi wanne kabla ya mwanamke kutuhumiwa zinaa, na anayemsingizia bila mashahidi hao ndiye wa kupigwa mijeledi 80. Wauaji tunaowataja leo hawatafuti hata shahidi mmoja. Tena, Italia, nchi ya Wakristo, ilikuwa na kifungu cha sheria kilichompunguzia adhabu mwanamume aliyeua mke, binti au dada kwa ajili ya heshima. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1981 tu.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Katika mahakama za Kenya na Tanzania kesi ya mauaji huandikwa "Jamhuri", kisha jina la mshtakiwa. Maana yake ni kwamba aliyekosewa si jamaa za marehemu peke yao, bali ni nchi nzima. Mama wa marehemu akisema, "Nimesamehe," neno lake peke yake haliifuti kesi.

Pakistan nayo ilirithi sheria ya jinai ya Waingereza ya mwaka 1860. Sheria hiyo ilikuwa na upenyo wake: mwanamume aliyedai kwamba alishikwa na ghadhabu ya ghafula aliweza kupunguziwa adhabu. Kisha mwaka 1990 serikali ilileta kanuni mpya za kisasi na dia. Tangu hapo mauaji yakawa, kwa sehemu kubwa, shauri la warithi wa marehemu. Hao ndio walii. Walii aweza kutaka kisasi, yaani muuaji naye auawe. Aweza kupokea dia. Aweza pia kusamehe bure.

Kanuni hiyo tusiidharau. Mtu wa ukoo mmoja akimwua mtu wa ukoo mwingine, msamaha waweza kuzuia vita vya miaka mingi. Lakini angalieni inavyokuwa muuaji na marehemu wakiwa wa nyumba moja. Kaka amemwua dada. Walii ni nani? Ni baba na mama, wazazi wa muuaji. Pengine baba ndiye aliyeagiza! Anayeua na anayesamehe wanakula sahani moja. Wenye vikundi, mchoreni ubaoni baba, mama, kaka na dada, kisha tafuteni ni nani aliyebaki wa kumsemea dada.

Watu wengi humlaumu mama anayesamehe. Mimi simlaumu upesi. Amekwisha kuzika mtoto mmoja, na akikataa kusamehe atampoteza wa pili, ambaye labda ndiye aletaye unga nyumbani. Wazee huja kumsihi, na yeye ataishi nao kijiji kile kile.

Mwaka 1999 mwanamke aliyetaka talaka alipigwa risasi mjini Lahore, ndani ya ofisi ya mwanasheria wake, Hina Jilani. Aliyempiga aliingia pamoja na mama yake mzazi wa mwanamke huyo. Hakuna hata mmoja wa jamaa zake aliyehukumiwa. Marekebisho ya mwaka 2004 yalimkataza muuaji mwenyewe kuwa walii, lakini wengine wa nyumba yake waliendelea kusamehe. Mwezi wa Februari 2016 filamu ya Sharmeen Obaid-Chinoy ilipata tuzo ya Oscar. Inaeleza habari za kijana wa kike aliyepigwa risasi na jamaa zake akatupwa mtoni, akapona, kisha akashurutishwa kuwasamehe.

Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, Qandeel Baloch aliuawa nyumbani kwa wazazi wake mjini Multan. Alikuwa na umri wa miaka 26, mashuhuri kwa picha na maneno yake katika intaneti. Kaka yake alikiri mbele ya waandishi wa habari, akasema dada amewaaibisha. Baba alieleza kwamba binti huyo ndiye aliyekuwa akiitunza jamaa yote, hata kaka huyo. Serikali ilijiingiza katika kesi ili msamaha wa jamaa usiifute. Tarehe 6 Oktoba 2016 Bunge likapitisha sheria mpya: aliyeua kwa jina la heshima, hata akisamehewa asinyongwe, atafungwa maisha, yaani miaka 25.

Lakini sheria hiyo yataka kwanza ithibitishwe kwamba mauaji yalikuwa ya heshima. Mshtakiwa mwerevu atasema waligombana kwa ajili ya fedha, na mlango wa msamaha wafunguka tena. Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan imeendelea kuhesabu mauaji ya namna hii kwa mamia kwa mwaka.

Je, kesi ya Qandeel ilikwishaje? Mwaka 2019 wazazi waliomba mwana wao asamehewe. Mahakama ilikataa, ikamfunga maisha. Akakata rufani. Mwezi wa Februari 2022 mahakama ya juu haikulikubali ungamo lake kuwa ushahidi, na msamaha wa jamaa ukapata nguvu. Alitoka gerezani akiwa amekaa kifungoni chini ya miaka sita.

Somo lijalo ni juu ya mirathi ya wanawake. Kwa herini.