Kutoka Cheti hadi Usukani: Wanawake, Ukimbizi na Ajira za Uchukuzi kati ya Nakivale na Kakiika, Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini wanawake ni wachache katika kazi zenye kipato za uchukuzi kwenye ukanda unaounganisha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na eneo la Kakiika katika Jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba mafunzo ya udereva ni kiungo kimoja tu cha mnyororo. Baada ya cheti huja leseni, chombo, kijiwe, muda, usalama na njia, na kila kiungo hukatika kwa sababu yake. Kwa kuchambua sheria za Uganda, mikataba ya kimataifa na maandiko kuhusu uchumi wa wakimbizi, makala yanaonesha kuwa mwanamke mkimbizi na mwanamke mwenyeji hawazuiwi na vitu vilevile, na kwamba Kiswahili ni rasilimali ya kazi ambayo bado haijahesabiwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera.

Maneno msingi: jinsia, uchukuzi, wakimbizi, Nakivale, Mbarara, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Atakayesimama katika stendi yoyote ya kusini-magharibi mwa Uganda atawaona wanawake wengi: wauza chai na chapati, wauza ndizi madirishani, wafagiaji, wasafiri wenye watoto mgongoni na magunia miguuni. Wanawake wanailisha stendi na kuijaza abiria. Hata hivyo, wanaoshika usukani, wanaomiliki chombo, wanaopanga zamu na wanaokusanya hesabu ya jioni ni wanaume karibu wote. Kwa hiyo tatizo linalojadiliwa hapa si kutokuwepo kwa wanawake katika uchukuzi. Tatizo ni mahali walipo ndani yake: wako pembezoni mwa kipato.

Jambo hili lina uzito wa pekee Nakivale. Tangu mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kutokana na uhaba wa fedha. Mgawo unapopungua, kaya hutafuta kipato, na uchukuzi ni miongoni mwa njia chache za kupata fedha taslimu kila siku. Kumfungia mwanamke mlango huo ni kuifungia kaya anayoiongoza.

2.0 Mazingira ya ukanda

Nakivale ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yanahifadhi zaidi ya watu laki moja na nusu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Yamegawanywa katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na vijiji vyake vimetawanyika mno hata safari ya ndani peke yake inatosha kuwa soko la bodaboda. Kwa barabara, Mbarara iko umbali wa kilomita 60 hivi.

Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kakiika, iliyo upande wa kaskazini wa jiji kwenye barabara kuu iendayo Masaka na Kampala, imo katika Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia inayotoka bandari ya Mombasa kupitia Malaba na Kampala kuelekea Rwanda na mashariki mwa Kongo. Hivyo, katika eneo moja hukutana uchumi wa aina mbili: ule mdogo wa bodaboda na teksi za abiria, na ule mkubwa wa malori ya masafa marefu. Ni muhimu kuutenganisha, kwa sababu vizuizi vyake havifanani.

Sheria ya Uganda kwa ujumla ni rafiki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na Kanuni zake za mwaka 2010 zinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na Katiba ya mwaka 1995 inamhakikishia mwanamke usawa wa fursa. Utafiti wa Alexander Betts na wenzake wa mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda ulionesha pia kwamba jijini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Mkimbizi, basi, anaweza kuwa mwajiri. Swali ni kwa nini haki iliyoandikwa haimfikishi mwanamke kwenye usukani.

3.0 Mkabala

Makala yanaongozwa na dhana mbili. Ya kwanza ni tofauti aliyoiweka Maxine Molyneux mwaka 1985, na ambayo Caroline Moser aliiendeleza katika upangaji wa maendeleo, kati ya mahitaji ya kivitendo ya wanawake na mahitaji yao ya kimkakati. Kumfundisha mwanamke kuendesha pikipiki kunakidhi hitaji la kivitendo. Kubadili kanuni ya nani anapangiwa zamu, nani anamiliki na nani anaketi katika uongozi wa kijiwe ni hitaji la kimkakati. Ya pili ni dhana ya Inés Sánchez de Madariaga kuhusu safari za malezi: safari fupi, nyingi na zilizounganishwa, kama kumpeleka mtoto zahanati, kupitia sokoni na kurudi kupika. Dhana hii inatusaidia kuona kuwa muda wa mwanamke umekatwakatwa kabla hajaanza kazi ya kulipwa.

4.0 Viungo vya mnyororo

4.1 Leseni

Mafunzo humpa mtu ujuzi; leseni humpa ruhusa. Madaraja ya leseni hupandwa hatua kwa hatua, kutoka pikipiki na gari dogo hadi basi na lori kubwa, na hatua za juu hudai uzoefu wa zile za chini. Anayehitimu mafunzo bila kupata gari la kuendeshea hubaki na cheti kisichozaa uzoefu, na bila uzoefu hapandi daraja. Wanaume wengi huuvuka mtego huu kwa njia isiyo rasmi: huanza kama utingo, hujifunza kwa dereva mzoefu, hukabidhiwa usukani kidogokidogo. Ni shule isiyo na ada, lakini hulala njiani, husafiri usiku na humtegemea mwanamume mmoja. Msichana haruhusiwi kuingia, au akiruhusiwa huingia kwa hatari.

4.2 Chombo

Waendesha bodaboda wengi hawamiliki pikipiki. Huikodi kwa mwenyewe na kumpelekea hesabu kila siku au kila wiki. Anayetaka kumiliki huhitaji dhamana. Hapa njia ya mkimbizi na ya mwenyeji zinaachana. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi akitumie, lakini Kanuni za mwaka 2010 hazimruhusu kukiuza wala kukikodisha, kwa hiyo hakiwezi kuwa rehani. Mwenyeji anaweza kuwa na ardhi ya ukoo, lakini hati au kauli ya mwisho mara nyingi iko kwa mume au kwa wakwe. Mmoja ananyimwa dhamana na kanuni, mwingine na desturi. Mkopo wa aina moja hauwezi kuwatibu wote wawili.

4.3 Kijiwe

Kijiwe, ambacho wenyewe hukiita steji, ni taasisi. Kina mwenyekiti, ada ya kujiunga, utaratibu wa zamu na mfuko wa kusaidiana katika ajali na misiba. Asiye na kijiwe huokota abiria barabarani na hukosa wa kumtetea. Kumkabidhi mwanamke pikipiki bila kumwombea nafasi kijiweni ni kumpa jembe bila shamba. Husemwa kwamba kazi hii kwa mila si ya wanawake. Hoja hiyo haina mizizi mirefu: bodaboda yenyewe ilianza miaka ya 1960 kwa baiskeli katika mpaka wa Busia, na pikipiki zilishamiri katika miaka ya 1990. Kazi yenye umri mdogo kuliko bibi zetu haiwezi kudai ukongwe wa mila. Kilichopo ni mazoea, nayo hubadilika.

4.4 Muda

Saa zenye abiria wengi ni alfajiri na jioni. Hizo ndizo saa za kuchota maji, kuwasha moto na kuwaandaa watoto. Mwanamke anayeanza kazi saa tatu asubuhi hukuta abiria wa kwanza wamekwisha kwenda, ilhali hesabu ya mwenye pikipiki haipunguzwi kwa sababu ya uji wa mtoto. Malezi ya watoto karibu na stendi, kwa hiyo, ni sehemu ya sera ya uchukuzi. Kuyaacha kwa idara ya ustawi pekee ni kuyaweka mahali ambapo mpangaji wa barabara hayaoni.

4.5 Usalama

Kanuni za Uganda za mwaka 2012 kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini zinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuuzuia. Kijiweni hakuna mwajiri wa namna hiyo: kuna mwenye pikipiki, mwenyekiti, abiria na polisi. Sheria inapita juu ya vichwa vya wale wanaoihitaji zaidi. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2023, unaziba pengo hili kwa kugusa sekta isiyo rasmi, wanaojifunza kazi, na hata safari ya kwenda na kurudi kazini. Pendekezo Na. 206 linaloambatana nao linautaja uchukuzi kwa jina miongoni mwa sekta zenye hatari kubwa. Kazi iliyobaki ni kuushusha mkataba huo hadi kwenye katiba ya kijiwe.

4.6 Njia

Lori la Ushoroba wa Kaskazini huvuka mipaka. Raia wa Uganda anaweza kuingia Kenya au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa; mkimbizi huhitaji hati maalumu ya kusafiria. Zaidi ya hayo, mwanamke aliyekimbia Kongo hawezi kupangiwa safari za Bukavu bila kuhatarisha maisha yake na pengine hadhi yake ya ukimbizi. Programu inayomwandaa kwa lori la masafa marefu inamwandaa kwa njia asiyoweza kuipita. Kwake, fursa ya kweli iko ndani ya mipaka: Nakivale hadi Mbarara, uchukuzi wa mazao, magari ya wagonjwa, magari ya mashirika, na kazi za karakana, ghala na ofisi za tiketi.

5.0 Kiswahili kama zana ya kazi

Katika upatanisho wa kisarufi, Kiswahili hakimbagui dereva: dereva amefika, madereva wamefika, awe mume au mke. Hata hivyo, katika matumizi twasikia "dereva mwanamke", kana kwamba dereva mtupu tayari ana jinsia. Lugha imeacha mlango wazi. Mazoea ndiyo yaliyouegemeza.

Lipo jambo la kivitendo zaidi. Mbarara huzungumza Kinyankole, lakini Ushoroba kutoka Mombasa hadi Goma huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, Kongo ikajiunga mwaka 2022, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wanawake wengi wa Kikongo walioko Nakivale wanakijua lugha hiyo tangu utotoni. Katika kupanga mizigo, kuwasiliana na madereva, kukata tiketi na kuhudumia abiria wageni, wao wana sifa ambayo kampuni ya Mbarara ingelazimika kumfundisha mtu mwingine. Sifa hiyo haipo katika orodha za ujuzi kwa sababu hakuna aliyewauliza.

6.0 Funzo kutoka Kenya

Mifano miwili inatosha. Treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa Mei 2017, miongoni mwa madereva wake walikuwamo wanawake, akiwamo Concilia Owire. Hili liliwezekana kwa sababu mwajiri alikuwa mmoja na aliunganisha uteuzi, mafunzo na ajira tangu mwanzo: aliyefundishwa alikuwa na treni inayomngoja. Katika matatu, ambako waajiri ni maelfu, njia ilikuwa nyingine. Shirika la Flone Initiative la Nairobi lilianza na suala la unyanyasaji wa abiria, kisha likawafundisha wafanyakazi wa matatu na kuwaunganisha wanawake walio katika sekta. Funzo ni hili: mwajiri akiwa mmoja, anza na ajira, waajiri wakiwa wengi, anza na usalama na umoja. Ukanda wa Nakivale na Kakiika unafanana zaidi na matatu kuliko na treni. Nchini Uganda chombo cha kuanzia kipo: chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kilichoasisiwa mwaka 1938, kimekwisha kuwaingiza waendesha bodaboda wa sekta isiyo rasmi katika safu zake.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, mfadhili wa mafunzo alipie pia leseni na saa za uzoefu chini ya dereva aliyethibitishwa, na mafanikio yapimwe kwa wanaoendesha baada ya mwaka, si kwa vyeti vilivyotolewa. Pili, fedha za mradi wa GROW, unaolenga wajasiriamali wanawake wakiwemo wakimbizi na wenyeji, zitumike kuanzisha ununuzi wa pikipiki kwa dhamana ya kikundi cha akiba badala ya ardhi. Tatu, Jiji la Mbarara na Wilaya ya Isingiro, katika kutambua vijiwe, zidai kila katiba ya kijiwe iwe na kifungu cha unyanyasaji kinachofuata Mkataba Na. 190 na nafasi ya mwanamke katika uongozi. Nne, mipango ya stendi mpya itenge chumba cha watoto na vyoo vyenye taa. Tano, mashirika ya misaada yanayoendesha magari Nakivale yaanze na orodha yao wenyewe ya madereva, kwa kuwa wao ni waajiri rasmi. Sita, mafunzo ya nadharia yatolewe kwa Kiswahili pia, na ujuzi wa lugha hiyo uhesabiwe katika ajira za uchukuzi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa uchache wa wanawake katika uchukuzi wa ukanda huu hautokani na upungufu wa ari wala wa sheria mama. Unatokana na viungo vidogo ambavyo hakuna idara moja inayovimiliki: leseni iko kwingine, mkopo kwingine, kijiwe kwingine, malezi hayako popote. Mwanamke ndiye anayelazimika kuviunganisha peke yake, kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza. Sera itakayokubali kuibeba kazi hiyo ya kuunganisha itapata madereva. Ile itakayoishia kwenye cheti itapata picha za mahafali.