Viazi vya kuponda bila siagi, mteja anarudi

Wajasiriamali wenzangu, mimi ni mama lishe hapa Mpanda mjini. Mteja wangu wa kila siku aliambiwa apunguze chumvi na mafuta sababu ya presha, akaacha kuja. Nikabadilisha upishi:

1. Osha viazi, chemsha na maganda yake, menya vikishaiva. Virutubisho havipotelei sana kwenye maji.
2. Ponda na maziwa ya moto badala ya siagi.
3. Kila kilo 3 za viazi, changanya kilo 1 ya boga lililochemshwa. Vitamini A inaongezeka, rangi inavutia.
4. Tia kitunguu saumu, chumvi weka nusu tu.

Hela ya siagi ndiyo inanunua maziwa, kwa hiyo bei sijapandisha. Na yule mteja karudi, tena kaja na wenzake. Anza na sufuria ndogo kesho, uone!