Hazleton: Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mji wa Hazleton, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, ulijengwa na wahamiaji wa Ulaya waliofuata makaa ya mawe. Migodi ilipokufa, wajukuu wao walihama na maduka mengi yakafungwa.

Kuanzia mwaka 2001 waliingia wageni wapya, wengi wao Wadominika kutoka New York na New Jersey, wakitafuta nyumba za bei nafuu na kazi za viwandani na kwenye maghala. Mwaka 2000 Walatino walikuwa takriban asilimia 5 ya wakazi. Kufikia 2020 walizidi asilimia 60.

Hofu ikazaa sheria. Mwaka 2006 mji ulipitisha kanuni ya kumtoza faini mwenye nyumba anayempangisha mhamiaji asiye na kibali, na kumnyima leseni mfanyabiashara anayemwajiri. Mahakama iliizuia isitumike, ikaitangua 2007. Hata hivyo, baadhi ya wenye maduka na migahawa Walatino walikwishapoteza wateja waliokimbia.

Suluhu ilianzia kwa watoto. Joe Maddon, kocha maarufu wa besiboli na mzaliwa wa Hazleton, alisaidia kuanzisha kituo cha jamii kilichofunguliwa 2013. Humo watu wazima hujifunza Kiingereza, na watoto wa wenyeji na wa wageni husoma na kucheza pamoja.

Wakazi, waliokuwa wakipungua kwa miaka 60, wameongezeka kutoka 23,000 hadi karibu 30,000. Katika barabara ya Wyoming, Wadominika wamefungua maduka, saluni na migahawa.